Injili ya Wapangaji: Jinsi Ukristo Ulivyoingia Lindi na Kawangware

Walioanzisha Kibera walikuwa Waislamu. Mwaka 1912 wanajeshi wa Kinubi wa King's African Rifles, ambao wazee wao walitoka Sudan wakapitia Uganda wakiwatumikia Waingereza, walianza kupewa ruhusa ya kuishi na jamaa zao katika msitu ulio kusini-magharibi mwa Nairobi. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikatangaza zaidi ya ekari 4,000 za eneo hilo kuwa ardhi ya jeshi. Wanubi waliliita Kibra, yaani msitu, wakajenga vijiji vyao humo: Makina, Lindi, Toi, Laini Saba, Kambi Muru. Walilima, wakafuga, wakajenga misikiti na kuwafundisha watoto wao Kurani.

Leo, mtu anayepita Lindi Jumapili asubuhi hana haja ya kuuliza kanisa liko wapi. Ngoma inalia upande huu, kinanda cha Kipentekoste upande ule, na katikati yake Baba Yetu inasemwa kwa Kiluhya, kwa Kijaluo, kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Msikiti nao ungali pale pale, na adhana inasikika kama ilivyosikika tangu mwanzo. Katika muda wa maisha ya mtu mmoja, kijiji cha askari wastaafu Waislamu kilikuja kuwa makao ya maelfu ya Wakristo wa madhehebu yasiyohesabika kwa vidole vya mikono miwili.

Mabadiliko hayo hayana mmishonari wao mashuhuri wa kuwekewa sanamu. Walioyaleta ni wapangaji: vibarua, mayaya, mafundi, wauza mboga na walinzi wa usiku, waliokuja mjini kutafuta riziki wakiwa na dini yao moyoni. Na namna walivyoihubiri injili ilitegemea sana kitu kimoja ambacho vitabu vya historia ya kanisa hukitaja kwa nadra, nacho ni aina ya nyumba walizokaa na nani aliyemiliki ardhi chini yake. Ndiyo maana Lindi inafaa kusimuliwa pamoja na Kawangware, mtaa ulio kilomita chache tu kaskazini yake, ambako ardhi ilikuwa na hadithi nyingine kabisa.

Ardhi mbili, njia mbili

Kawangware na jirani zake, Riruta, Waithaka na Kangemi, ilikuwa upande wa Wakikuyu. Eneo la Dagoretti lilihesabiwa kuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu wa Kiambu, na liliingizwa rasmi ndani ya mipaka ya Nairobi wakati wa uhuru. Misheni zililizunguka mapema. Mapadre wa Roho Mtakatifu, wengi wao Wafaransa, walifungua misheni ya St. Austin mwaka 1899, mwaka ule ule reli ilipofika Nairobi, na shamba lao la kahawa likawa miongoni mwa ya kwanza kabisa katika nyanda za juu za Kenya. Waanglikana wa CMS walikuwa Kabete tangu mwanzo wa karne, na Waskoti walikuwa Thogoto tangu 1898. Mtoto aliyezaliwa Riruta miaka ya 1920 angeweza kwenda kwa miguu hadi kituo cha misheni, akasoma kitabu cha kwanza, akabatizwa na kurudi nyumbani kabla ya jua kutua.

Ukaribu huo ulizaa Wakristo, ukazaa pia mgogoro. Mwaka 1929 misheni kadhaa ziliwataka waumini wa Kikuyu waukane ukeketaji wa wasichana, na wengi wakaondoka, si kwa kuikataa Biblia ila kwa kukataa kuamuliwa na wageni. Walijenga shule zao na makanisa yao. Kundi moja liliomba uongozi wa kiroho kwa askofu mkuu Daniel Alexander wa African Orthodox Church, aliyefika Kenya kutoka Afrika Kusini mwaka 1935. Waumini hao walielekea kidogo kidogo kwenye Uothodoksi wa kale, na mwaka 1946 Upatriarki wa Aleksandria ukawapokea. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952, serikali ilizifunga shule za kujitegemea na kuyapiga marufuku makanisa yaliyohusishwa nazo, Waothodoksi wakiwemo.

Walisubiri wakasubiri. Mwaka 1971 Askofu Mkuu Makarios wa Tatu, ambaye pia alikuwa rais wa Saiprasi na aliwahi kufungwa uhamishoni na Waingereza hao hao, alizuru Kenya, akabatiza watu kwa maelfu na kuanzisha ujenzi wa seminari huko Riruta. Seminari ilifunguliwa mwaka 1982 na kupewa jina lake. Hivyo basi, pembezoni mwa mtaa wa mabati wa Kawangware ikasimama shule ya kuwafundisha makasisi kutoka nchi nyingi za Afrika, wakiimba liturujia ya kale ya Kigiriki kwa lugha zao wenyewe.

Kutoka upande wa Kabete kulikuja wimbi jingine. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda na kuenea kupitia Uganda, ulifika Kabete mwaka 1937. Ndugu waliookoka walikutana nyumbani kwao, wakaungama dhambi mbele ya wenzao, wakaimba Tukutendereza na kuishi kwa uwazi uliowashangaza hata wachungaji wao. Obadiah Kariuki, mmoja wa viongozi wa uamsho huo, alikuja kuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuwekwa wakfu kuwa maaskofu wa Kianglikana Kenya, mwaka 1955. Uamsho uliacha urithi mkubwa kwa mitaa ya Nairobi: ulionyesha kwamba malezi ya muumini yanaweza kufanyika sebuleni, bila mimbari, bila padre, bila ruhusa ya mtu yeyote isipokuwa mwenye nyumba.

Kibera haikuwa na hata kimoja cha vitu hivyo. Ilikuwa ardhi ya serikali. Tume ya Ardhi ya Carter, iliyotoa ripoti yake mwaka 1934, iliwahesabu Wanubi kuwa wakaaji wasio na haki ya kudumu. Ambaye hana hati hawezi kukitoa kiwanja kwa kanisa, na misheni haziwekezi mawe mahali ambapo zinaweza kuamriwa kuhama kesho. Kwa miaka hamsini ya kwanza Kibera ilibaki kijiji kikubwa cha Kiislamu chenye miti na mifugo.

Wageni wenye barua

Kanuni za kikoloni zilimtaka Mwafrika awe mjini kwa sababu ya kazi tu, na kipande shingoni kilihakikisha hivyo. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 vizuizi viliondoka, na watu wakamiminika. Kibera ilikuwa karibu na reli. Mtu aliyefanya kazi Industrial Area aliweza kuifuata njia ya treni alfajiri na kuokoa nauli yote ya mwezi. Wanubi wakaongeza vyumba vya kupangisha, wajenzi wengine wakapata ruhusa kwa chifu na wazee wa kijiji, na Lindi ikajaa Waluhya, Wajaluo, Wakamba na Wakisii.

Wengi wa wageni hao walitoka sehemu ambako dini ilikuwa imeota mizizi kuliko hata huko Kiambu. Quaker wa Kimarekani, yaani Marafiki, walikuwa wamefika Kaimosi mwaka 1902, na kufikia 1946 Marafiki wa magharibi mwa Kenya walikuwa na Mkutano wao wa Mwaka uliojisimamia. Wapentekoste walikuwa Nyang'ori. Waadventista walikuwa Gendia tangu 1906, na Jumamosi yao ikawa siku tukufu kwa vijiji vizima vya Unyanza na Gusii. Jeshi la Wokovu lilikuwa na mizizi kuanzia 1921. Kijana aliyeaga nyumbani Vihiga au Siaya mara nyingi aliondoka na barua ya kanisa iliyotiwa sahihi na mzee: huyu ni muumini wetu mwaminifu, mpokeeni.

Tatizo lilikuwa hili: apokewe na nani? All Saints' Cathedral, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917, ilikuwa mbali kwa nauli na mbali zaidi kwa mavazi. Makanisa ya mitaa ya wafanyakazi, kama yale ya Pumwani na Jogoo Road, yalikuwa upande mwingine wa mji. Basi waliosoma barua zile walikuwa wenzao wa chumba kile kile. Wanaume watatu au wanne kutoka lokesheni moja, wakiwa wamepanga chumba cha futi kumi kwa kumi, walikunja godoro Jumapili, wakaketi kitandani na kwenye mitungi ya maji, wakafungua Tenzi za Rohoni na Biblia ya Kiswahili, ile ya Union Version iliyotoka mwaka 1952. Mmoja aliomba, mwingine akasoma, wa tatu akashuhudia jinsi Mungu alivyomnusuru na askari wa jiji. Jirani akasikia kupitia ukuta wa udongo. Jumapili iliyofuata akagonga mlango.

Huo ndio uinjilisti wa kwanza wa Lindi, na nguvu yake ilikuwa katika ubovu wenyewe wa nyumba. Ukuta wa udongo na mabati hauna siri. Mtu akigombana na mkewe, ploti nzima inajua. Akiomba saa kumi usiku, ploti nzima inajua pia. Choo ni kimoja, bomba la maji ni moja, kamba ya kuanikia nguo ni moja. Mwinjilisti hakuhitaji kutafuta nafasi ya kukutana na mtu: walikutana kwenye foleni ya maji kila siku ya Mungu. Na kwa kuwa walionana kila siku, maisha yake yalipimwa kabla ya maneno yake. Mlevi aliyeacha chang'aa alihubiri hata akiwa amenyamaza.

Wanawake ndio walioibeba kazi hiyo zaidi. Kuanzia miaka ya 1970 wake waliacha kubaki shambani na kuungana na waume zao mjini, na makundi ya maombi ya mchana, waume wakiwa kazini, yakawa shule halisi ya uanafunzi. Humo mama mgeni alifundishwa kusoma Zaburi, akafundishwa pia zahanati iko wapi, nani anakopesha bila kuumiza, na nini cha kumwambia mwenye nyumba kodi ikichelewa. Mtoto akiugua, dada wa kundi walikesha naye. Mtu akifa, kanisa lilifanya mchango wa kupeleka mwili nyumbani, kazi inayogharimu mshahara wa miezi mingi. Katika mitaa ya Nairobi watu wengi walijiunga na kanisa baada ya kuona jinsi lilivyomzika jirani.

Ngoma, kanzu na bendera

Makanisa yaliyokua haraka zaidi Lindi mwanzoni yalikuwa yale yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe. African Israel Church Nineveh, iliyoanzishwa na Daudi Zakayo Kivuli mwaka 1942, ilikuja na desturi yake ya maandamano: waumini wenye kanzu nyeupe na vilemba, bendera mbele, ngoma nyuma, wakipita vichochoroni na kuimba. Wafuasi wa Roho kutoka Musanda, walioyafuata mafundisho ya Alfayo Odongo Mango aliyeuawa mwaka 1934, walivaa misalaba myekundu vifuani. Legio Maria, waliojitenga na Kanisa Katoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakiongozwa na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, walikuja na rozari na Kilatini chao. Nomiya, kanisa la Johana Owalo lililozaliwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, lilichanganya mambo ya Biblia na mengine yaliyofanana na ya majirani zao Waislamu, ikiwemo tohara ya wavulana.

Kwa mji uliokuwa unawaona watu hawa kama vibarua tu, maandamano yale yalikuwa na maana kubwa. Mwanamke aliyeinama wiki nzima juu ya karai la nguo za watu wa Lavington au Kilimani alitembea Jumapili wima, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe, njia yote ikimpisha. Hakuna tangazo la mkutano lililohitajika. Watoto walifuata ngoma, mama zao wakafuata watoto. Utafiti wa David Barrett, aliyeishi Kenya na kuchapisha Schism and Renewal in Africa mwaka 1968, ulionyesha dunia kwamba makanisa ya namna hii barani yalikuwa maelfu na si vioja vya pembeni. Shirika la kuyaunganisha, OAIC, lililoundwa mwaka 1978, liliweka makao yake makuu Nairobi.

Makanisa ya zamani nayo yalianza kujifunza. Baraza la Makanisa, NCCK, lilikuwa limejitosa Mathare Valley, na Andrew Hake, aliyefanya kazi nalo kwa miaka mingi, aliandika African Metropolis mwaka 1977 kuutetea mji uliojengwa na maskini kwa mikono yao. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika mikutano ya AMECEA ya 1973 na 1976, waliamua kwamba msingi wa parokia uwe jumuiya ndogondogo. Familia kumi au kumi na tano zinazokaa pamoja zinakutana kila wiki kwa zamu nyumbani kwa mmoja wao, zinaisoma injili ya Jumapili inayokuja, zinauliza inadai nini hapa tunapoishi, kisha zinaamua nani wa kutembelewa.

Uamuzi huo uliandikwa na maaskofu, ila kwa Kibera, Kawangware na Kangemi ulifanana na jambo ambalo wapangaji walikuwa wakilifanya tayari. Wamisionari wa Guadalupe kutoka Mexico, waliohudumu eneo la Ngong Road na Kibera, na Wajesuiti, walioipokea Kangemi miaka ya 1980, walikuta watu waliokwisha kuzoea kuomba vyumbani. Papa Fransisko alipozuru Kangemi tarehe 27 Novemba 2015, alizungumza katika kanisa la Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi kuhusu unyakuzi wa ardhi, maji yanayouzwa ghali kwa maskini na hekima ya mitaa inayoshirikiana. Waliomsikiliza walikuwa wanajumuiya.

Waanglikana nao walifika kwa njia ya elimu. Chuo cha Carlile cha Church Army kilianzisha Kituo cha Misheni ya Mijini huko huko Kibera, ili wachungaji wa mitaa ya mabati wasomee kazi yao katikati ya watu wanaowachunga. Ilikuwa hatua yenye heshima: taasisi ya theolojia iliichukulia Kibera kuwa darasa.

Kanisa la Jumapili, shule ya Jumatatu

Chumba kilipofurika, kanisa lilitafuta ploti. Lindi haikuwa na ploti za kuuzwa kwa hati. Kulikuwa na makubaliano na mzee wa kijiji, mashahidi wawili na karatasi iliyotiwa dole gumba. Nguzo zilisimamishwa, mabati yakapigiliwa, mabenchi yakachongwa. Na kwa kuwa jengo lilikaa tupu siku sita, mtu mmoja, mara nyingi mama, aliwakusanya watoto humo Jumatatu.

Shule za serikali, kama Olympic, Ayany na Toi, zilikuwa pembezoni mwa Kibera na zilijaa. Mwaka 2003, serikali ya Kibaki ilipoondoa karo ya shule za msingi, mtafiti James Tooley na wenzake walizihesabu shule za binafsi ndani ya Kibera wakapata 76, zenye wanafunzi zaidi ya 12,000. Nyingi zilikuwa chini ya paa la kanisa au zilizaliwa humo. Katika Lindi yenyewe Marafiki wanayo shule ya Lindi Friends, tawi la mti uliopandwa Kaimosi. Kwa upande wa Wakatoliki, shule ya sekondari ya St. Aloysius Gonzaga ilianzishwa na Wajesuiti na Jumuiya ya Maisha ya Kikristo mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya watoto wa Kibera waliofiwa na wazazi kwa UKIMWI. Huko Riruta, Jumuiya ya Koinonia ilikuwa imefungua kituo cha Kivuli kwa watoto wa mitaani katika miaka ya 1990.

UKIMWI ndio uliopima uinjilisti wa miaka ile kuliko kitu kingine. Rais Moi aliutangaza kuwa janga la taifa mwaka 1999. Makanisa mengine yaliwahukumu wagonjwa kutoka mimbarini, na majeraha ya maneno yale hayajapona kwa baadhi ya familia. Lakini katika vichochoro vile vile wanawake wa makundi ya maombi walikuwa wakibeba ndoo, wakiosha wagonjwa waliotelekezwa na ndugu zao, wakiwapikia uji. Hawakuwa na glavu za kutosha wala dawa. Waliingia ndani wakati ambapo mlango wa mgonjwa ulikuwa unaogopwa na mtaa mzima, na hilo ndilo lililoaminiwa.

Moto na tingatinga

Kuchanganyika kwa dini na makabila hakukuwa shwari siku zote. Desemba 2001, mzozo wa kodi kati ya wenye nyumba, wengi wao Wanubi, na wapangaji, wengi wao Wajaluo, uligeuka umwagaji damu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kibera iliwaka: soko la Toi liliteketezwa, vijana waling'oa reli, na familia nyingi zilikimbilia uwanja wa maonyesho wa Jamhuri. Kawangware ilipata zamu yake Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, jirani walipovamiana kwa misingi ya kabila.

Vurugu hizo ziliweka wazi udhaifu wa njia ya wapangaji. Kanisa lililoanzia kwa barua ya kijijini lilikuwa, kwa sehemu kubwa, kanisa la watu wa lugha moja. Lilimlea mgeni vizuri kwa sababu lilimwelewa. Lilipofika wakati wa kumtetea jirani wa lugha nyingine, wengi walinyamaza. Wachungaji na maimamu waliosimama pamoja barabarani mwaka 2008 walifanya kazi nzuri, na kamati za amani zilizotokana nao ziliendelea. Hata hivyo ukweli ni kwamba malezi ya kiroho yaliyofanyika vyumbani kwa miaka arobaini hayakuwa yamewafundisha watu wote kwamba jirani ni pamoja na mtu wa kabila lile jingine. Yeyote anayeipenda historia hii anapaswa kulisema hilo bila kulifunika.

Kisha kukaja tingatinga. Tarehe 23 Julai 2018 serikali ilibomoa nyumba kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Njia yake ilipita Lindi, Mashimoni na Kichinjio. Watu wapatao 30,000 walipoteza makazi, na shule na makanisa yakalala chini siku ile ile na nyumba. Mwaka mmoja kabla, Juni 2017, Wanubi walikuwa wamepewa hatimaye hati ya pamoja ya ekari 288 baada ya madai ya karibu karne nzima. Makanisa ya wapangaji hayakuwa na hati ya kuonyesha, yakafuata waumini wao kokote walikopanga.

Milango ya chuma

Kawangware ilibadilika kwa njia nyingine. Kwa kuwa wenye ardhi walikuwa na hati tangu ugawaji wa miaka ya 1950, waliweza kwenda benki, na kuanzia miaka ya 2000 vyumba vya mbao na mabati vikaanza kubomolewa kupisha ghorofa tano, sita, saba. Anayeshuka leo kwenye kituo cha 46 anaona majengo marefu yaliyobanana hadi jua halifiki chini. Kila ghorofa ina geti, mlinzi na msimamizi wa jengo. Ndani, kila nyumba ina mlango wa chuma, bomba lake na choo chake.

Kwa afya na heshima ya binadamu hayo ni maendeleo makubwa, na hakuna mama wa Kawangware anayetamani kurudi kwenye foleni ya choo. Kwa uinjilisti yalikuwa mtikisiko. Mlinzi haruhusu wageni wasiojulikana. Mpangaji anarudi saa tatu usiku, anafunga mlango, na jirani wa upande wa pili wa korido anaweza kukaa mwaka mzima bila kujua jina lake. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 zinampa mpangaji haki ya kulalamikia spika za kesha. Hata ngoma ya African Israel imepunguziwa njia.

Kibera nayo imeanza kuonja hali hiyo. Septemba 2009 familia za Soweto Mashariki zilihamishiwa nyumba za muda Lang'ata ili kupisha ujenzi wa nyumba mpya; huko familia hadi tatu zilishiriki nyumba moja, kila moja na chumba chake. Mwaka 2016 nyumba 822 za Zoni A ya Soweto Mashariki zilikabidhiwa wenyewe. Watu waliozitazamia walizitolea majina kwenye kitabu cha Kutoka: Kanani, Nchi ya Ahadi. Kisha wakagundua kwamba hata Kanani inahitaji watu wa kubisha hodi.

Makanisa yamejibu kwa kurudi nyuma na kwenda mbele kwa pamoja. Jumuiya za Kikatoliki zinahesabiwa sasa kwa ghorofa na si kwa kichochoro. Makanisa ya Kipentekoste yana seli zinazokutana katikati ya juma, na mwenyeji huwa mpangaji wa jengo lile lile, ili mlinzi asiwe na neno. Janga la Korona lilisukuma mambo zaidi: nyumba za ibada zilifungwa Machi 2020, na zilipofunguliwa Julai ziliruhusiwa kupokea watu mia moja kwa saa moja tu, wazee na watoto wakiachwa nje. Miezi ile, kundi la WhatsApp la jengo likawa ndilo kanisa: ombi la mgonjwa wa chumba namba fulani, mchango wa unga, Zaburi iliyosomwa kwa sauti na kutumwa kabla watu hawajaamka.

Shakahola imeyawekea yote hayo kivuli kizito. Miili zaidi ya 400 iliyofukuliwa katika msitu wa Kilifi kuanzia Aprili 2023 ilikuwa ya watu waliomfuata mhubiri, wengi wao wakifa kwa njaa, na serikali iliunda jopo chini ya Kasisi Mutava Musyimi kuchunguza namna ya kuyasimamia makanisa. Watu wa Lindi na Kawangware wana jambo la kuliambia jopo la namna hiyo. Mhubiri anayewatenga watu na jamaa zao hufanikiwa pale ambapo hakuna anayeuliza. Katika ploti, mtu asiyekula siku tatu aliulizwa. Uanafunzi wa mitaa hii, pamoja na kasoro zake zote, ulifanyika mbele ya macho ya majirani, na mwalimu aliyepotoka alikutana na mama wa kundi kwenye bomba la maji kesho yake.

Historia hii haimo katika maktaba yoyote kwa ukamilifu. Seminari ya Riruta ina kumbukumbu zake na misheni kubwa zina nyaraka zao, lakini makanisa ya mabati ya Lindi yana madaftari ya michango, orodha za ubatizo na picha chache, na mengi ya madaftari hayo yalizikwa chini ya kifusi cha Julai 2018. Waliofika na barua zao miaka ya 1970 sasa ni wazee, na wengi wanastaafu kurudi Vihiga, Siaya, Kakamega na Machakos. Wanafunzi wa theolojia wa Limuru, Karen na Riruta wapo karibu, wana simu za kurekodi, wanazijua lugha. Kazi ya kuwaketisha wazee hao na kuwauliza nani alianza kuimba katika chumba kipi, mwaka gani, na nani aligonga mlango, inaweza kuanza Jumapili hii baada ya ibada.